Hodi Tatu za Sheldon Cooper: Namna Mzaha Unavyoweza Kumkuza Mtu

Taabu kubwa ya mwenye kutunga mchezo wa kuchekesha ni kwamba hadhira humpenda mcheshi kwa sababu ya ila yake. Ila hiyo ikiondolewa kicheko hukatika, na ikiachwa vile vile miaka nenda miaka rudi mchezo huchujuka. Mzee Ojwang wa Vitimbi, ambaye marehemu Benson Wanjau alimwigiza kwa muda mrefu katika televisheni ya Kenya, alikuwa hakui wala hatarajiwi kukua, kwa kuwa kila kisa kilifungwa siku ile ile na juma lililofuata yeye alirejea na lafudhi yake na ujanja wake kama kwamba hakupatwa na jambo. Mchezo wa Kimarekani uitwao The Big Bang Theory, uliotungwa na Chuck Lorre na Bill Prady na kuonyeshwa na CBS tangu Septemba 2007 hata Mei 2019 katika misimu 12 na vipindi 279, ulishika njia nyingine: aghalabu uliiacha ila mahali pake, ukabadili sababu yake machoni pa mtazamaji.

Chukua mathalan desturi mashuhuri ya Sheldon Cooper, mwanafizikia wa nadharia mwenye elimu maridhawa na takaburi isiyopungua elimu hiyo. Afikapo kwa jirani yake Penny hugonga mlango, humwita Penny kwa jina, kisha hurudia mpaka zitimie mara tatu, na hata akifunguliwa kabla hana raha mpaka akamilishe idadi. Kwetu Mchinga, kama kotekote katika pwani ya Kilwa na Lindi, mtoto hufunzwa kupiga hodi tatu na asipojibiwa arudi zake, na hikima ya adabu hiyo ni kuwapa wenye nyumba nafasi ya kujisitiri. Basi mtazamaji wa huku huiona hodi ya Sheldon kuwa ni adabu iliyogeuka uchizi, na hucheka.

Waandishi waliuacha mzaha huo ufanye kazi kwa miaka mingi bila ya kuueleza. Katika msimu wa 10 ndipo Sheldon anapomsimulia Penny kwamba alipokuwa na umri wa miaka 13 alirudi nyumbani kutoka chuoni, akafungua mlango pasipo kubisha, akamkuta baba yake na mwanamke asiye mama yake. Tangu hapo kugonga kwa kwanza ni kwa desturi, na kwa pili na kwa tatu ni ili watu wapate kuvaa suruali zao. Angalia jinsi ungamo lenyewe linavyomalizwa na suruali, hata hadhira ikacheka na kuhurumia kwa pumzi moja. Mtu hakubadilika hata kidogo katika tendo lake. Aliyebadilika ni mtazamaji, ambaye hataweza tena kuisikia hodi ile kwa masikio ya zamani.

Hila ya pili ni kuifuatisha kanuni ya mtu mpaka imfikishe asikokutazamia. Katika kipindi cha Krismasi cha mwaka 2008 Sheldon, anayeihesabu zawadi kuwa ni deni, ananunua vikapu kadhaa vya vitu vya kuogea, vya bei mbalimbali, ili amlipe Penny kwa thamani iliyo sawasawa na vilivyobaki avirudishe dukani. Penny anampa kitambaa cha mezani alichofutia mdomo na kukitia saini Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock katika Star Trek, ambaye Sheldon humtukuza. Sheldon anavileta vikapu vyote, anaona bado havitoshi, na analipa salio kwa kumkumbatia. Hakuiacha hesabu yake. Hesabu ndiyo iliyomshinda.

Ubora wa hila hizi hudhihirika pale zilipokosekana. Raj, rafiki yake Sheldon, mwanafizikia wa nyota asiyeweza kusema na wanawake ila amelewa, aliponywa mwishoni mwa msimu wa 6, mwaka 2013; na kwa rai yangu kilema kilitolewa pasipo kutiwa kitu mahali pake, ndiyo maana tangu siku hiyo alitangatanga katika visa vya wenziwe.

Mtunzi wa kwetu atakaye kuifuata kazi hii hana haja ya kuazima Pasadena, mji wa akina Sheldon. Bara, magharibi ya Mchinga, kiko kilima cha Tendaguru, ambako baina ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani Werner Janensch na Edwin Hennig walichimbua mifupa ya madubwana ya kale, na kazi ya wachimbaji ikasimamiwa na Boheti bin Amrani. Kambi moja, wenye elimu ya vitabu na wenye elimu ya mikono, kila mmoja na ghururi yake: hayo yatosha kwa misimu kumi. Ila ampe kila mtu kituko chenye sababu ya kweli, aijue sababu hiyo kabla ya kuandika kipindi cha kwanza, na asiwe na haraka ya kuisema.