Makopo Mawili na Ngozi ya Shosho

Kwenye dirisha la chumba cha shosho wangu kule Limuru kuna makopo mawili. La kwanza nilimpelekea mimi: krimu ya "kuzuia uzee". Bei yake sitaitaja, mamangu anaweza kusoma hapa. La pili alijinunulia mwenyewe dukani: Arimis, ile jeli ya kukamulia, ya ng'ombe kwenye kopo. Nimeyasoma yote mawili vile ninavyosoma vitabu, na nimefikia uamuzi.

Usicheke. Lebo ni maandishi. Ina sauti inayosema, ina msomaji inayemlenga, na ina mambo inayoyaficha. Tena ni maandishi ambayo watu wengi hushika mkononi kila asubuhi, kitu ambacho riwaya zetu zinatamani tu.

Tuanze na kopo langu. Mbele kuna picha ya mwanamke wa miaka kama thelathini, uso hauna hata mkunjo mmoja. Bidhaa ni ya wenye makunyanzi, lakini mwenye makunyanzi haonekani popote. Halafu kuna vitenzi. Maandishi ni ya Kiingereza, nimejitafsiria: zuia, pambana, futa, rudisha. Hiyo ni lugha ya vita, na adui ni uzee.

Sasa chukua neno hilo ulipeleke mtaani. Sisi tunamwita bosi wa miaka 35 "mzee". Konda humwita abiria "mzee" ndio asogee bila kununa. Tuna mzee wa mtaa na wazee wa kanisa. Kwa midomo yetu ni neno la heshima. Kwenye kopo limekuwa doa la kusuguliwa, na sisi tunalipia kusuguliwa.

Sisemi krimu inadanganya. Retinoli iliyomo inaweza kupunguza mikunjo midogo ukiitumia kwa miezi. Lakini inajulikana pia kwa kukausha ngozi na kuichoma, na ngozi ya shosho tayari ilikuwa kavu kama karatasi. Nilimpelekea jibu la swali ambalo hakuwa ameuliza.

Swali lake lilikuwa kuwashwa. Usiku baada ya usiku, miguuni na mgongoni, alijikuna mpaka akaacha mikwaruzo. Miezi ilipita na hakutuambia. Nilipoiona ile mikwaruzo nikamuuliza mbona alinyamaza, akajibu, "Ni uzee tu."

Hapo ndipo usomaji wangu ulipogeuka. Nilikuwa nimedhani shosho na kopo langu wako pande mbili tofauti. Kumbe wanakutana. Kopo linasema uzee ni ugonjwa. Shosho anasema ugonjwa ni uzee. Ukifuata njia yoyote kati ya hizo mbili unafika mahali pamoja: hakuna anayeuliza ngozi yenyewe ina nini.

Aliyeuliza ni nesi kwenye kliniki. Hakuanza na dawa, alianza na, "Shosho, unaogaje?" Ikatoka: maji ya moto sana, kwa sababu Julai ya Limuru haina mchezo, na kipande cha sabuni ya kufulia, kwa sababu ndiyo inayotoa uchafu. Nesi akaeleza pole pole. Mtu akizeeka, ngozi hukonda, na tezi zinazoipa mafuta hupunguza kazi. Maji ya moto na sabuni kali huchukua hata yale mafuta kidogo yaliyobaki. Kisha akamwangalia katikati ya vidole, isije ikawa upele. Akaagiza apimwe sukari, figo na ini, maana kuna kuwashwa kunakotoka ndani ya mwili. Mwisho akamvua soksi akaangalia nyayo. Nilishangaa, mpaka nikakumbuka kwamba saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Ngozi nyeusi ina kinga yake dhidi ya jua, lakini hiyo haimaanishi tuache kuikagua.

Vipimo vilikuwa sawa. Ilikuwa ngozi kavu tu.

Turudi kwa kopo la pili. Kama andiko, Arimis inalishinda langu kwa mbali. Haikuahidi ujana. Ilitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe zisipasuke wakati wa kukamua, na picha inakuonyesha huyo ng'ombe mwenyewe. Wakenya ndio waliotazama lile kopo wakasema, kama inamfaa ng'ombe, itanifaa. Jeli za jamii hii zina asili ya namna hiyo: Robert Chesebrough, aliyepata hataza ya Vaseline huko Marekani mwaka 1872, alikuwa ameona wafanyakazi wa visima vya mafuta wakijipaka masalio yake kwenye majeraha. Ni mafuta yaliyoanza kwa watu wa kazi.

Lakini nisilipambe sana. Hilo kopo nalo lina pengo. Jeli haiongezi maji kwenye ngozi, inayafungia tu yaliyopo. Ukiipaka juu ya ngozi iliyokauka, unafungia ukavu. Inatakiwa upake mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Shosho alikuwa anapaka usiku, saa nyingi baada ya kuoga, halafu anashangaa. Na ukitafuta mtu mzee kwenye kopo hilo, humpati pia. Kopo moja limemwandikia binti wa mjini, lingine ng'ombe. Shosho anaazima.

Hata sisi hatujamwandikia. Kizazi chetu kinajua seramu, toneri na sanskrini, na mpangilio wake asubuhi na jioni. Tunajirekodi tukijipaka. Lakini ni nani kati yetu anajua nyayo za nyanya yake zinafanana vipi?

Kwa hivyo nimejaribu kuandika lebo yangu. Nimeiandika kwa kalamu ya maka, herufi kubwa, nikaibandika juu ya kopo la Arimis pale dirishani:

Maji vuguvugu. Sabuni laini, kidogo. Paka ngozi ikiwa na unyevu. Kuwashwa kukizidi wiki mbili, sema. Mgongoni hufiki, ita mtu.

Shosho aliisoma bila miwani. Akasema mstari wa mwisho ndio mzuri, kisha akageuka akanipa mgongo.