Nyota za Ifo Zimetua Kakuma!

Wee! Acha unachofanya, keti hapa nikuhadithie. Ndiyo kwanza nimeshuka matatu hapa Lodwar, vumbi la Kakuma limejaa nywelani, sijaonja hata maji, na kitabu bado nimekikumbatia kama mtoto mchanga. When Stars Are Scattered! Riwaya ya katuni, rafiki yangu, picha juu ya picha mwanzo mpaka mwisho, rangi tamu, za joto, za kuvutia mno, na bado!

Nilikifungua nikienda, nimebanwa dirishani, jua linachoma kama pasi, nikasema naonja kurasa mbili tu. Mbili! Nilipoinua kichwa, makanga alikuwa ananiuliza kama nashuka Kakuma ama naendelea Lokichoggio.

Ni maisha ya kweli ya Omar Mohamed, mvulana Msomali aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Ifo, kule Dadaab, yeye na mdogo wake Hassan, baba ameuawa, mama hawajui aliko. Omar alisimulia, Victoria Jamieson akachora, Iman Geddy akatia rangi, kikatoka 2020 na mwaka huohuo kikafika fainali za National Book Award huko Marekani. Lakini achana na tuzo, mtazame Hassan! Anaumwa kifafa, na neno lake ni moja tu, "Hooyo", yaani mama kwa Kisomali. Moja! Yaliyobaki yote anayasema kwa macho, kwa mabega, kwa kicheko, na wewe unamwelewa, unamwelewa sana, mpaka unasahau kwamba hajasema kitu.

Na Omar! Ana hamu ya shule mpaka inamuuma, lakini akienda darasani, Hassan atakaa na nani? Yupo Fatuma, mama wa watu, anayewalea kama wa tumbo lake. Yupo Maryam, hodari wa masomo, anaozwa angali msichana mdogo. Hapo nilitazama nje nikasingizia vumbi. Ukurasa unaofuata nacheka peke yangu, abiria wananikodolea macho, na bado!

Sisi tuliosoma katuni za Shujaaz na vituko vya DJ Boyie tangu 2010 tunajua katuni hubeba mambo mazito. Ila ile nilikuwa naimeza mara moja, nimemaliza. Hii inakungojesha! Kambini siku hufanana, watu wanangoja maji, wanangoja chakula, wanangoja majina yao yaitwe, na kungoja kwenyewe kumechorwa. Kuna picha hazina neno hata moja, kimya kitupu, na ndizo zilizonishika koo.

Sasa sikia cha Kakuma. Kambi ile ipo tangu 1992, matineja wengi wamezaliwa humohumo. Kwenye foleni ya maji nilimkuta kijana wa kama miaka kumi na minne, mtungi wake wa njano chini, uso umenuna kwa jua. Nikampa kitabu. Maneno hakuyagusa. Alifunua, akafunua, akasimama kwenye picha ya watu na mitungi, akaweka kidole kwa yule wa nyuma kabisa.

"Huyu ni mimi leo," akasema, akacheka mpaka akajishika kiuno.

Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma. Foleni ikasonga, yeye hakusonga! Aliye nyuma yake akamsukumia mtungi kwa mguu, mara moja, mara mbili, mwenyewe hana habari, na bado!

Kukitoa mikononi mwake ilikuwa vita. Nimemwahidi wiki ijayo nakirudisha, akimalize. Kwa hiyo una siku sita tu, rafiki yangu. Haya, shika! Hapana, ngoja. Nawa mikono kwanza.