Kusimamia na Kuchungulia: Juu ya Mitihani ya Mbali kwa Mkutano wa Video

Neno msimamizi lina heshima yake katika Kiswahili. Yuko msimamizi wa mirathi, ashikaye mali ya marehemu kwa amana mpaka kila mrithi apate haki yake; yuko msimamizi wa shamba, aulizwaye mazao yakipungua; na yuko msimamizi wa mitihani. Huyu wa tatu anadaiwa na pande mbili: anadaiwa na chuo, kisidanganywe, na anadaiwa na mtahiniwa, asidhulumiwe. Tangu mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga kumbi za vyuo katika nchi nyingi, jina hilo limepewa kazi nyingine, yaani kutazama nyuso za watahiniwa kwa mkutano wa video. Yafaa kupima kama kazi hiyo yastahili jina hilo.

Umbali wenyewe si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake mwaka 1858 kwa watu ambao hawakusoma katika vyuo vyake, na chuo cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya chuo kikuu hicho hicho. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijengwa juu ya masomo ya mbali tangu mwanzo. Lakini katika desturi hiyo ya zamani kilichosafiri ni karatasi ya maswali. Mtahiniwa alikwenda kituoni, akamkuta msimamizi. Jambo jipya ni kwamba msimamizi naye ameondolewa chumbani, likabaki jicho lake tu.

Si hasara ndogo. Ukumbini msimamizi husoma masharti, hugawa madaftari, husikiliza malalamiko ya swali lililochapwa vibaya, humtoa nje aliyeugua na kutangaza dakika zilizobaki. Kuwatazama wanaoiba majibu ni sehemu moja tu ya kazi yake. Mipango mingi ya mitihani ya video imeichukua sehemu hiyo moja na kuziacha zilizosalia. Na hata hiyo moja haitimizwi, kama hesabu ionyeshavyo.

Chukua mfano wa watahiniwa 300 katika mkutano mmoja. Programu ya Zoom huonyesha nyuso 49, wala si zaidi, katika ukurasa mmoja wa skrini. Basi watu 300 hujaza kurasa saba. Msimamizi mmoja akigeuza kurasa hizo bila kupumzika, kila mtahiniwa ataonekana kwa sehemu moja tu kati ya saba za muda wote, yaani dakika zisizofika 26 katika mtihani wa saa tatu, tena kwa picha isiyozidi ukubwa wa stempu. Kabla ya hapo kuna kukagua vitambulisho. Kila mmoja akichukua dakika moja tu, mkaguzi aliye peke yake atahitaji saa tano, na mtihani haujaanza.

Penye upungufu huo wa watu, vyuo vingine vimekimbilia mashine. Huko California, mtihani wa mawakili wa Oktoba 2020 ulifanywa kwa mbali, na baada yake watahiniwa zaidi ya 3,000, karibu thuluthi moja ya wote, walitiwa alama ya kushukiwa kutokana na picha zao. Uchunguzi ulipofanywa, walio wengi sana walionekana hawana kosa. Mashine huona kichwa kilichogeuka. Haijui kama kimegeuzwa na wizi au na mtoto aliaye chumba cha pili. Kadhalika, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha mwaka 2018 kwamba programu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso zilikosea kwa wanawake weusi mpaka asilimia 34.7, na kwa wanaume weupe hazikuzidi asilimia 0.8. Kazi hiyo haikuhusu mitihani, lakini yatosha kumtia hadhari yeyote atakaye kuwapima watahiniwa wa Afrika kwa macho ya namna hiyo.

Tena kuna suala la hodi. Mgeni afikapo nyumbani kwa mtu hubisha, akangoja akaribishwe. Kamera ya mtihani haibishi, bali humwamuru mwenyeji aizungushe mpaka kitanda na kabati vionekane. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Ohio, Marekani, iliamua kwamba upekuzi wa chumba cha mwanafunzi wa Cleveland State University kwa njia hiyo ulivunja katiba ya nchi. Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki akaaye chumba kimoja na ndugu zake, hata wao huingia katika picha, nao hawakuandikishwa mtihani wowote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; chuo kinachohifadhi picha hizo hakina budi kujua nani atazitazama na zitafutwa lini.

Haya yote hayamaanishi kwamba mtihani wa video haufai asilani. Yamaanisha kwamba mpango wake uanze kwa watu, kamera zifuate. Watahiniwa 300 wagawanywe katika vyumba vya watu 25, kila chumba na msimamizi wake, jumla 12, na wengine wawili wa akiba. Hapo vitambulisho vyote hukaguliwa kwa dakika 25. Awepo afisa wa kupokea simu za waliokatikiwa na mtandao au umeme, na iandikwe mapema, kwa lugha iliyo wazi, muda waliopoteza utafidiwaje. Yafanyike majaribio siku kadhaa kabla, ili asiye na mtandao wa kutosha ajulikane mapema na kupewa nafasi katika kituo. Anayeshukiwa ahojiwe na mtu kabla ya kuhukumiwa. Na pale ambapo chuo hakiwezi kupata wasimamizi 12, ni heri maswali yatungwe upya, yawe ya kufikiri huku vitabu vimefunguliwa, kuliko kuwakabidhi watu 300 kwa jicho moja.

Mtihani kwa Kiswahili ni upimaji wa elimu, nao pia ni taabu impatayo mtu. Mtahiniwa aliyejiandaa miaka mitatu ana haki ya kutaraji taabu itokayo katika maswali tu. Kuchungulia ni kutazama kwa siri au kwa tundu, na mwenye kuchungulia hadaiwi lolote na anayechunguliwa. Chuo kisichoweza kumpa mtahiniwa wake mtu wa kumjibu mtandao unapokatika katikati ya swali la tatu, kisiiite kazi yake usimamizi.