Njiwa Aliyetumwa kwa Mhunzi

Shosho yangu hakutamba hadithi mchana, hata tumbembeleze vipi. Mchana ulikuwa wa kuchuma kahawa na wa kupeleka maharagwe soko la Karatina. Hadithi ilingoja jua lizame nyuma ya Nyandarua, moto ukolee katika mafiga na githeri ianze kutokota. Hapo ndipo aliposema, "Uga itha!" nasi wajukuu tukaitika, "Itha!" Asiyeitika aliambiwa akalale. Wapwani wana paukwa na pakawa yao, na kazi yake ni ile ile: mtambaji haanzi mpaka apewe sikio.

Kati ya ngano zake zote za mazimwi, iliyonikaa moyoni ni ya mhunzi, ambayo inajulikana sana katika nyumba za Nyeri, Murang'a na Kirinyaga. Mhunzi amekwenda mbali kufua vyuma na kumwacha mkewe mjamzito. Siku ya kujifungua inafika, jirani hakuna. Anayejitokeza ni zimwi. Zimwi linamzalisha mama, linaleta kuni, linapika. Kisha linamwandalia chakula na kumkaribisha ale, na kabla hajanyosha mkono linasema kwamba kwa kuwa hataki, litakula lenyewe. Mzazi anakonda, zimwi linanenepa.

Uani mna mbarika zilizoanikwa. Njiwa anakuja kuzidonoa, na mama anapatana naye: ukila mbarika zangu, nipelekee habari kwa mume wangu. Njiwa anaruka hadi kwa wahunzi, anatua mtini, anaimba kwamba mke wa mhunzi amejifungua na mkunga wake ni zimwi. Wanamfukuza. Anaimba tena, wanamfukuza tena. Mara ya tatu wanaweka nyundo chini na kusikiliza. Mhunzi anachukua mkuki, anarudi, anajificha juu ya uchaga wa kuni, na zimwi linaporudi na mzigo wake linamkuta mwenye nyumba.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba ustadi wa shosho ulikaa pale pale ambapo mimi nilitaka apite haraka. Mimi nilitaka mkuki. Yeye alitulia na njiwa. Wimbo aliuimba mara tatu, kila mara mzima, bila kupunguza neno, huku akigonga sufuria kwa mwiko, ngo, ngo, ngo, kama nyundo juu ya fuawe. Mara ya kwanza mwiko ulizidi sauti yake na maneno yakatupita. Mara ya pili tulidaka mawili matatu. Mara ya tatu aliuweka mwiko chini, na jiko zima likawa kimya kiasi cha kusikia githeri ikichemka. Wahunzi tulikuwa sisi. Habari ilikuwapo tangu mwanzo, na kilichoizuia kutufikia ni kelele za kazi.

Nilipokuwa sekondari mjini Nyeri nilisoma kwa mara ya kwanza hekaya za Wagiriki. Nilitarajia kukuta wageni, nikakuta jamaa. Odysseus hayuko nyumbani kwa miaka 20, kumi ya vita vya Troya na kumi ya kutangatanga. Njiani yumo Polyphemus, jitu la jicho moja linalowageuza wageni kitoweo pangoni mwake. Lakini walaji waliomwumiza zaidi wako kwake mwenyewe: wanaume waliojikaribisha, wanaochinja mifugo yake huku wakimshurutisha mkewe, Penelope, achague mmoja wao amwoe. Penelope ana hila yake, anafuma sanda mchana na kuifumua usiku. Mke wa mhunzi ana mbarika zake. Odysseus naye, kama mhunzi, hapigi hodi. Anaingia amevaa matambara ya ombaomba, mpaka upinde wake umfike mkononi.

Tofauti moja hunifikirisha kila ninaposoma. Homer, mshairi wa Kigiriki, alimpa Odysseus utenzi wa vitabu 24. Shosho alimpa mhunzi sentensi chache za mwisho. Uzito wa ngano yake aliuweka kwa mama aliyelala hoi na bado akapata akili ya kutafuta mjumbe, na kwa ndege aliyefukuzwa akarudi. Kwake yeye, ushujaa wa mhunzi ulianza pale alipoweka nyundo chini. Mkuki ulifuata.

Hata hivyo shosho na Homer ni watu wa kazi moja. Kati ya mwaka 1933 na 1935, msomi Mmarekani Milman Parry alizunguka Yugoslavia akiwanasa waimbaji wa tenzi kwenye sahani za alumini. Baadhi yao hawakujua kusoma, lakini waliimba maelfu ya mishororo. Kwao Parry alipata ushahidi wa jambo alilokuwa amelisema awali: yale majina ya sifa na mafungu ya maneno yanayojirudia kwa Homer ni zana za watu waliotunga papo kwa papo, mbele ya hadhira. Polyphemus alikaa mdomoni mwa watambaji kabla ya kukaa kitabuni. Bila mtu anayejua pa kupaza sauti na pa kunyamaza, asingevuka hata kizazi kimoja.

Zimwi letu nalo lina ukoo mrefu. Wagikuyu huliita irimũ, Wakamba eimu, Wazulu izimu. Neno moja lililosafiri na Wabantu, na kwa Kiswahili ni ndugu wa mzimu na kuzimu. Irimũ la ngano za Nyeri lina midomo miwili. Wa mbele unatabasamu na kuposa. Wa pili uko kisogoni, umefichwa na nywele ndefu, na huo ndio unaokula. Mtambaji hodari hautaji mapema. Anakuacha umpende kwanza zimwi lililojigeuza kijana mtanashati, kisha upepo unavuma kidogo tu juu ya nywele zake.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliikumbuka midomo hiyo alipokuwa akitafuta umbo la riwaya yake Caitaani Mũtharabainĩ, aliyoiandika kwenye karatasi za chooni gerezani Kamiti mwaka 1978. Alijiuliza ni nani mazimwi wa zama hizi, wanaoishi kwa jasho la wengine. Riwaya ilipotoka mwaka 1980, watu waliisoma kwa sauti majumbani, ndani ya matatu na kwenye baa. Hadithi ikarudi masikioni ilikotoka. Mwaka 1986 akatoa Matigari, habari za mpiganaji anayetoka msituni kuitafuta nyumba yake. Ngũgĩ ameeleza kwamba amri ilitolewa Matigari akamatwe, kabla wakubwa hawajatambua kuwa anaishi hadithini. Mwaka 1987 kilichokamatwa ni kitabu. Mimi humwona ndani yake mhunzi yule yule, akirudi kwake na kukuta zimwi limeketi mekoni.

Na njiwa tunaye. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, na katika kumbukumbu zake za mwaka 2006 anaeleza jinsi ngano za mekoni zilivyomlea. Mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, aliandika barua baada ya barua. Alidhihakiwa hadi bungeni. Akaandika tena. Jumba halikujengwa, na bustani ikabaki bustani. Sijui ustadi mwingine wa kawaida kama huu wa kutamba hadithi, usiohitaji chombo zaidi ya sauti na moto wa jioni, unaoweza kumfunza mtu kurudia ukweli bila kuchoka na kumfunza mwingine kuusikia.

Kwangu sasa kuna jiko la gesi, na githeri huchemshwa ndani ya presha. Hata hivyo taa ikizimwa sebuleni nabaki jikoni na binti yangu, nasema "Uga itha", naye anaitika. Majuzi nilimtambia ya mhunzi. Niligonga sufuria kama shosho alivyogonga, nikaimba mara tatu, nikauweka mwiko chini. Hakuuliza kuhusu mkuki. Aliuliza, "Mama, kwa nini hawakumsikia mara ya kwanza?"

Sikumjibu. Nilimpa mwiko agonge yeye, nikaanza kuimba upya.