Herufi Ndogo za Lebo

Maandishi madogo kwenye picha ya kompyuta huharibikia kingoni. Herufi kubwa ina pikseli tele za kuchorea mikunjo yake. Herufi ndogo, karibu mwili wake wote ni ukingo. Ili kuficha ngazi zinazojitokeza kwenye mikunjo, programu hupaka pikseli za kijivu pembeni mwa zile nyeusi. Kwenye kichwa cha bango kijivu hicho hakionekani. Kwenye mstari wa tarehe, chini kabisa ya lebo ya mafuta ya alizeti, kinageuka ukungu.

Stesheneri za mji wa Sumbawanga zinaijua kazi hii ya lebo. Uwanda wa Ufipa unaouzunguka mji huo, ulioinuka kiasi cha mita 1,800, unatoa mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na anayefungasha unga au mafuta huhitaji jina, ujazo, anuani na tarehe kwenye karatasi isiyozidi kiganja.

Kwanza ni hesabu. Pointi 1 ni sehemu moja ya 72 ya inchi. Herufi za pointi 6, faili likiwa na nukta 72 kwa inchi, zinagawiwa pikseli 6 tu za kwenda juu, na hapo fundi hana la kufanya. Kwa nukta 300 zinapata 25. Ndiyo maana faili la lebo hufunguliwa na nukta 300 tangu mwanzo. Kuziongeza baadaye ni kuongeza maji kwenye uji, sufuria inajaa lakini unga ni uleule. Weusi nao uwe wa wino mweusi peke yake. Ukichanganywa kutoka rangi nne, karatasi ikiteleza kidogo tu, kila herufi huota kivuli chekundu au cha buluu.

Lebo hiyohiyo ina safari nyingine, ya kwenye simu, kwa kuwa muuzaji ataituma kwa wateja. Wafipa wa zamani hawakukiona chuma kilichotoka kwenye ilungu, tanuru refu la udongo, kuwa kimekwisha. Kilipita tena kwenye kintengwe, tanuru dogo la kusafishia, ndipo mhunzi akakishika. Picha inayopunguzwa inadai moto wa pili kama huo. Ikishapunguzwa hulainika, kwa hiyo hunolewa baada ya hapo, si kabla, na kwa mkono mwepesi: kunoa kukizidi, mzunguko mweupe huzuka kuizunguka kila herufi. Maandishi ndiyo yasipunguzwe pamoja na picha. Huandikwa upya, kwa kipimo kipya, kwenye tabaka lake.

Jina la mji lenyewe ni mtihani mzuri. Katika “Sumbawanga”, m haiwezi kuishi chini ya pikseli 5 za upana: miguu 3 na nafasi 2 nyeupe. Ikipewa 4 na kitu, mguu mmoja huangukia mpakani mwa miraba miwili, kijivu kinagawanywa huku na huku, na m inakuwa doa. Herufi a, iliyomo mara 3, inataka pikseli 5 za kwenda juu ili tumbo lake lisizibe. Mbishi zaidi ni w, maana mistari ya mshazari haipatani na miraba. Fundi hukuza picha mpaka miraba ionekane, kisha huchagua ulainishaji mkali wa kingo, au kuuzima kabisa, na kusogeza neno hadi miguu iketi mahali pake.

Fonti nyembamba za madaha hazifai hapa. Matthew Carter alipoibuni Verdana, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996, alianza na pikseli zenyewe, mistari ya nje ikafuata. Herufi zake ni pana na zimeachana. Fonti nyingine husaidiwa kwa kuongeza nafasi kati ya herufi, jambo ambalo wateja hulipinga kwa sababu linakula karatasi.

Kiswahili kina mtego wake: ritifaa ya ng'. Katika maandishi madogo haizidi pikseli moja au mbili, na ikififia, ng'ombe anabaki “ngombe”. Hivyo nakala ya majaribio huchapwa kwa kipimo halisi, hukatwa, huzungushwa kwenye chupa iliyojaa mafuta na kusomwa nje, juani. Mara nyingi kinachoirudisha lebo mezani ni ile ritifaa.