Pambo na Pengo: Kuisoma Nyumba ya Leighton

Nyumba ya mchoraji Frederic Leighton, iliyoko Kensington jijini London, leo ni makumbusho, na historia yake husimuliwa kama wasifu wa mtu mmoja. Msanifu George Aitchison aliijenga katika miaka ya 1860, zama za Malkia Victoria. Mwenyewe akaipanua na kuipamba kwa miaka 30 hadi alipofariki mwaka 1896. Chumba chake cha kulala kilikuwa kimoja tu. Kwingine kote kulikuwa kwa kazi, wageni na fahari.

Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Kito cha nyumba ni Ukumbi wa Kiarabu, uliojengwa baina ya 1877 na 1881 kwa kuigiza kasri la La Zisa la Palermo. Kuta zake zimevikwa vigae vya kale, vingi vikiwa vya Damascus, nchi ya Sham. Mmoja wa waliomtafutia Leighton vigae ni Richard Burton, yule yule aliyeanzia Unguja safari yake ya bara mwaka 1857. Mwaka 1871, akiwa konseli huko Damascus, alimwandikia kwamba yu radhi nyumba ibomolewe kwa ajili yake. Taabu ni kuipata yenye vigae. Basi pambo la nyumba moja laweza kuwa pengo la nyingine.

Leighton alipofariki, vitu vyake vilipigwa mnada mwaka huo huo. Vigae vilisalia, kwa kuwa vimejengewa ukutani. Humo mna aya za mwanzo za Sura ar-Rahman, zinazotaja kuumbwa kwa mwanadamu na kufunzwa kwake kusema. Atazamaye nakshi huona buluu na mkato wa kalamu. Asomaye husikia maneno. Twamjua William De Morgan aliyevipanga vigae, na Walter Crane aliyebuni ukanda wa vijiwe vya rangi juu yake. Wafinyanzi wa Sham hawana majina. Ukarabati uliokamilika mwaka 2022 uliongeza mchoro wa ukutani wa Shahrzad Ghaffari, msanii wa Irani: hatimaye mkono wa Mashariki umetajwa kwa jina.

Sisi wa visiwani, ambao milango yetu ya nakshi imenunuliwa na kung'olewa, tuyapime makumbusho kwa swali moja: je, aliyeng'olewa ukuta hutajwa kwa sauti ile ile anayotajwa aliyeujenga upya?