Askari Mgongoni: Juu ya Picha za Ndege na Mnyama

Uhakiki wetu umezoea matini ya maneno. Picha ya kamera huachiwa wanahabari na watalii, kana kwamba haina fani wala maudhui. Makala hii fupi inakusudia kuchunguza aina moja tu ya picha, nayo ni ile inayonasa ndege na mnyama wa porini katika tukio la kusisimua: mmoja amempanda mwenzake, amemdonoa, amemkimbiza au amemkamata. Mahali pa kuipimia ni Uvira na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, ambako mto Ruzizi huingia ziwani kwa delta iliyo kati ya Kongo na Burundi, na ambako viboko huishi karibu na watu kuliko inavyofaa kwa upande wowote.

Hata hivyo, mfano ulio wazi zaidi unatoka mbali na ziwa hilo. Mwezi Machi 2015, huko Hornchurch, mashariki mwa London, mpiga picha wa ridhaa alimnasa kigogota wa kijani akiruka huku mgongoni mwake yumo mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Picha hiyo ilienea duniani kwa siku chache. Watazamaji wengi waliona abiria na kipando chake. Wakaichezea kwa kumpachika mgongoni mwa ndege huyo kila mtu mashuhuri. Lakini tukio lenyewe lilikuwa jaribio la kuua. Mnyama alimvamia ndege akiwa chini, naye ndege akaruka akiwa na mshambuliaji wake mgongoni. Baadaye alimponyoka, jambo ambalo picha haituambii na haiwezi kutuambia.

Hapa ndipo udhaifu wa aina hii ya sanaa ulipo. Picha ina nomino mbili na haina kitenzi. Haina wakati uliopita wala ujao, na haijui kukanusha. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya taswira, alieleza kwamba maneno yanayoandamana na picha huwa kama nanga: huizuia maana isielee ovyo. Kwa picha za ndege na mnyama, nanga zinazotumika ni mbili tu, nazo zimechakaa, yaani urafiki na vita. Yangeyange akitua juu ya kiboko, ni marafiki. Tai akimshukia mtoto wa swala, ni vita. Ukweli ni kwamba yangeyange hana habari na urafiki. Anafuata wadudu wanaotimuliwa na yule mkubwa apitapo majanini.

Kiswahili kinayo nanga ya tatu. Yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, anayening'inia juu ya vifaru, nyati na twiga akiwadonoa kupe, huitwa askari wa kifaru. Jina hili si pambo. Ni dai, na dai hupimika. Mwaka 2020 watafiti wawili, Plotz na Linklater, walichapisha matokeo ya kazi yao kuhusu vifaru weusi katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini, wakikiri kwamba jina hilo la Kiswahili liliwaelekeza kwenye swali lao. Kifaru asiye na ndege alimtambua mtu aliyemnyatia chini ya robo ya mara alizojaribiwa. Mwenye ndege alimtambua kila mara, kwa wastani akiwa bado umbali wa meta 61. Waliobuni jina hilo, ambao hatuwajui, walikuwa wamekwisha kuliona jambo ambalo maelfu ya picha yalikuwa yakilionyesha bila kulisema.

Lakini tusifurahi mapema. Utafiti wa Paul Weeks uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa juu ya ng'ombe nchini Zimbabwe, ulionyesha kwamba kuwazuia ndege hawa hakukubadili idadi ya kupe wakubwa, na kwamba palipokuwa na ndege vidonda vilichelewa kupona, kwa kuwa ndege huvichokoa na kunywa damu. Basi ni mlinzi au mnyonyaji? Msomaji wa vitabu vya utalii atataka achague mojawapo. Msomaji wa Uvira, ninavyodhani, hatashangazwa sana na swali hilo. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo askari ni mwanajeshi, na watu waliopitia vita vilivyoanza mwaka 1996 wanajua kwamba mtu anaweza kukulinda usiku na kula jasho lako mchana. Neno moja limebeba pande zote mbili bila kujikana. Sijaona picha iliyoweza.

Turudi ufukoni. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu upigaji picha, alionyesha jinsi kamera ilivyochukua nafasi ya bunduki katika safari. Tungeongeza kwamba, kama bunduki, kamera nayo hutaka shabaha iwe peke yake. Mpiga picha wa delta ya Ruzizi husubiri mpaka mtumbwi upite, husogeza lenzi ili nyavu zisionekane, ndipo hupata kiboko, ndege mweupe na maji matupu. Picha yake ni nzuri kwa fani. Kwa maudhui ni ya uongo, ingawa hakuna kilichobandikwa ndani yake. Viboko wa pande hizi hutoka usiku kulisha penye mashamba. Huua watu, nao huuawa na watu. Wavuvi wa ndagala huwasha taa zao katika maji yale yale. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024, nyumba za ufukoni Uvira na Bujumbura ziliingiwa na maji, na nafasi kati ya kitanda cha mtu na malisho ya kiboko ikazidi kuwa finyu.

Kumwondoa mtu katika picha ya namna hiyo ni kosa la uhakiki kabla ya kuwa kosa la maadili, kwa sababu kunaondoa sababu ya mkasa wenyewe. Yangeyange ametua pale kwa ajili ya majani. Majani yako pale kwa sababu shamba limeishia majini. Na kiboko amekuja kwa sababu hiyo hiyo. Ningependa kuiona picha iliyopigwa na mtu ambaye hakusubiri mtumbwi upite: ndege mgongoni, kiboko kichwa juu, na nyuma yao mvuvi ameshika kafi, anawatazama wote wawili, hajaamua bado aelekee wapi.